Sehemu ya Pili

Tulilipa mia tano kila kichwa
tukaingia banda la Mendradi, nyuma ya soko la mahindi,
Kibaigwa, Jumapili, upepo wa Agosti
ukipiga makofi kwenye magunia yaliyoziba madirisha.
Lechipya tulimwacha nyumbani na homa yake.
Alilia mpaka Sechelela akamwahidi:
nitakuhadithia yote, hata matangazo.

Miaka minne tuliingoja.
Ile ya kwanza tuliionea hapahapa,
benchi hilihili lenye msumari,
Chiduo akitafsiri kwa kipaza sauti cha mnadani:
nungunungu mdogo anayeogopa miiba yake,
analala mbali na wenzake asije akawachoma.
Chiduo akambatiza Kasindano.
Akampa kigugumizi cha fundi baiskeli wa stendi,
na fisi akamgombeza kwa Kigogo,
banda zima likaanguka kwa kicheko.
Kisha bibi yake Kasindano akafa njiani,
kiangazi, hatua chache kabla ya maji.
Chiduo alizima kipaza sauti.
Ikabaki jenereta,
na Sechelela, miaka mitano, akilia
kama watu wazima wanavyolia, mdomo umefungwa.

Sasa hii.

Kasindano ana gari jekundu.
Kasindano anaimba akiamka, anaimba akioga,
anaimba akifukuzwa.
Fisi ametubu, sasa ni mjomba.
Kuna kindi mgeni, mizaha yake mitatu,
yote ya kujamba.
(Wa kwanza nilicheka. Sikatai.)
Miiba haimchomi mtu tena;
inang'aa tu, rangi saba, kama taa za harusi.
Ni mlenda ule ule
uliozimuliwa maji kwa sababu wageni wameongezeka.

Na Chiduo alikuwa benchi la nyuma,
kalipa mia tano kama sisi.
Siku hizi zinakuja zimeshatiwa sauti,
Kiswahili kilichopigwa pasi,
hakina kigugumizi, hakina fundi baiskeli.
Niligeuka mara moja nikamwona
midomo yake inachezacheza gizani,
anatafsiri bado,
hamtafsirii mtu.

Halafu, karibu na mwisho,
mlango wa pango ukafunguka
na bibi akatoka.
Mzima. Kavaa miwani.
Alikuwa amelala tu, wakasema.
Watu wawili watatu wakapiga makofi.
Sechelela akautoa mkono wake kwenye wangu.

"Mama. Si tulimzika?"

Sikuwa na jibu la mia tano.
Nilikuwa Kongwa, wodini, mwezi Machi,
shuka la mistari ya buluu,
nesi akilikunja taratibu
kama mtu anayekunja kitu cha kuazima.
Nilikuwa namwambia huyu huyu mtoto:
bibi hakulala, mwanangu, bibi amekufa,
kulala ni kitu kingine,
usiogope kulala.

"Kama alikuwa amelala," akasema, kwa sauti sasa,
mpaka mbele wakageuka,
"mimi nililia nini?"

Tulitoka kabla majina hayajaanza kupanda.
Mlangoni Mendradi anahesabu sarafu kwenye kopo la rangi:
"Mwakani ya tatu, mama Seche! Naisikia ni kali!"
Vumbi likatupokea. Magunia ya mahindi,
mizani, mpagazi kalala juu ya alizeti.
Hatukununua hata karanga.

Usiku nikawasikia kupitia pazia.
Lechipya homa imeshuka, anadai haki yake,
na Sechelela anamlipa kidogo kidogo.
Gari jekundu alimpa.
Kindi alimpa, na mizaha yote mitatu,
wakacheka mpaka nikagonga ukuta.
Kigugumizi alikirudisha mwenyewe,
sijui alikihifadhi wapi miaka yote hiyo.

Akafika kwenye pango.
Akanyamaza.
Nami nikashika sindano na kitufe, sishoni.

"Mlango ukafunguka," akasema.

"Nani? Nani katoka?"

"Hakuna mtu. Ulikuwa upepo."